Kunyonyesha Kunazuia Mimba, Ila Si kwa Kila Anayenyonyesha

Kaa na wanawake wanaoanika dagaa kule Igombe au Kayenze, ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Mwanza, mzungumze habari za uzazi, na haitachukua muda utaambiwa kwamba mama anayenyonyesha hashiki mimba. Bibi zao waliwaambia hivyo, na bibi hao walipishanisha watoto kwa miaka miwili, mitatu, bila kumeza kidonge hata kimoja. Nenda zahanati ya jirani, utaambiwa kinyume chake kwa uhakika uleule: kunyonyesha si uzazi wa mpango, usijidanganye, chagua sindano, vijiti au kitanzi. Naona kila upande umeshika kipande cha ukweli. Kipande kilichobaki, kisichosemwa ufukweni wala zahanati, ndicho kinachowafanya wanawake wengi wa mwambao huu washtukie ujauzito wakati mtoto wa mkononi hajasimama dede.

Kinachozuia mimba si maziwa, wala si hali ya kuitwa mama mnyonyeshaji. Ni kitendo chenyewe cha mtoto kufyonza chuchu, mara nyingi, mchana na usiku. Kitendo hicho kikipungua, kinga inapungua nayo, hata kama titi limejaa maziwa mpaka yanadondoka.

Mwili unafanya kazi hii kwa ufundi wa ajabu. Mtoto anapofyonza, mishipa ya fahamu ya chuchu inapeleka taarifa kwenye ubongo, mpaka sehemu inayoitwa hipothalamasi. Katika siku za kawaida sehemu hiyo hutoa homoni yake kwa mapigo, kidogo, inanyamaza, kidogo tena, na mapigo hayo ndiyo yanayoiamuru tezi ya pituitari kutoa homoni za kukuza yai na kulipevusha. Mtoto akinyonya mara kwa mara, mapigo yanavurugika. Pituitari inapata amri hafifu, kifuko cha yai kinakua nusunusu kisha kinakoma, estrojeni inabaki chini, hedhi hairudi. Wakati huohuo homoni ya prolaktini inapanda ili maziwa yatengenezwe, na oksitosini inayashusha. Oksitosini hiyohiyo huukaza mfuko wa uzazi, ndiyo maana mama aliyejifungua juzi husikia tumbo likimbana kila mtoto anaposhika titi, na damu yake hupungua upesi zaidi.

Zamani sifa yote ilipewa prolaktini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Peter Howie na Alan McNeilly wa Edinburgh waliwafuatilia mama wanaonyonyesha kwa vipimo vya kila juma, wakaona kwamba yai linarudi kupevuka pale mtoto anapoanza kupewa vyakula vingine na kupunguza kunyonya. Mfano ulio wazi zaidi ulikuwa umeshatoka Kalahari. Mwaka 1980 Melvin Konner na Carol Worthman waliandika kuhusu Wasan, jamii ya wawindaji wa jangwa hilo, ambao watoto wao walinyonya mara kadhaa ndani ya saa moja, dakika moja au mbili kila mara, na usiku walilala ubavuni kwa mama. Wanawake hao hawakuwa na dawa yoyote ya uzazi wa mpango, lakini kati ya mtoto na mtoto kulipita miezi 44 hivi.

Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakapitia tafiti za nchi mbalimbali na kukubaliana kwamba kunyonyesha kunampa mama kinga ya zaidi ya asilimia 98 endapo mambo matatu yapo kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, na hajatimiza miezi 6. Kuna kanuni ndogo inayofuatana na hayo: mchana zisipite saa 4 bila kunyonyesha, na usiku zisipite saa 6. Asilimia 98 si kinga ya kubeza. Vidonge, kwa namna watu wanavyovimeza huku wakisahau siku mbili tatu, havifikii hapo. Nesi anayemwambia mama mwenye mtoto wa miezi miwili kwamba kunyonyesha hakuzuii mimba anamnyang'anya kitu cha kweli. Lakini sharti moja likivunjika kinga nzima imevunjika, na njia nyingine inahitajika siku hiyohiyo.

Sasa mfikirie bibi wa hao wanawake wa Igombe. Alikwenda shamba la mihogo na mtoto mgongoni, akamnyonyesha chini ya mwembe kila alipolia, akalala naye kitanda kimoja. Bibi huyo alitimiza masharti ya Bellagio bila kuyasikia, na kwa sababu alinyonyesha hivyo usiku na mchana kwa mwaka na zaidi, mwili wake uliendelea kupumzika hata baada ya mwezi wa sita. Tena alikuwa na miiko ya kutolala na mumewe kwa muda mrefu, jambo nitakalolirudia. Mjukuu amerithi imani bila maisha yaliyoibeba imani hiyo.

Maisha ya mjukuu yanaendeshwa na dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, mitumbwi inarudi alfajiri, na mwanamke anayetaka ndoo zake kwa bei ya kufaa lazima awe ufukweni kabla ya jua kuchomoza. Kisha aanike, ageuze, alinde dhidi ya kunguru na yangeyange, aanue kabla ya mvua. Mtoto anabaki nyumbani na dada yake wa miaka kumi au na bibi, pamoja na uji mwepesi kwenye chupa ya chai. Mama anarudi mchana, au alasiri, matiti yamejaa yanauma, mtoto ananyonya kwa pupa, na mama anaamini hesabu imekaa sawa kwa kuwa maziwa yametoka yote. Kwa tumbo la mtoto huenda imekaa sawa. Kwa ubongo wa mama, saa saba au nane zimepita bila taarifa yoyote kutoka kwenye chuchu.

Na ratiba hiyo haitulii. Katika giza kazi inapamba moto, mbalamwezi ikitoka uvuvi unapungua na mama anashinda nyumbani, mtoto ananyonya atakavyo. Hivyo ndani ya mwezi mmoja mwili unapokea taarifa nyingi kwa siku kadhaa, kisha chache sana kwa siku nyingi zaidi. Kwa namna homoni zinavyofanya kazi, sioni jinsi mwanamke wa ratiba hiyo anavyoweza kuutegemea unyonyeshaji peke yake, hata mtoto wake akiwa na miezi mitatu tu.

Kuna ushahidi wa karibu na jambo hili, kutoka Chile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia wanawake waliorudi kazini huku wakikamua maziwa ili mtoto asipewe kitu kingine. Walijitahidi mno. Hata hivyo, kufikia mwezi wa sita kiwango cha waliopata mimba kilikuwa asilimia 5.2, juu kabisa ya kile cha chini ya asilimia 2 kinachotarajiwa kwa mama anayekaa na mwanawe. Mkono unaokamua huokoa maziwa na humlisha mtoto vizuri, na ningependa kila mama afundishwe kukamua. Ila mkono hauzungumzi na ubongo kama mdomo wa mtoto unavyozungumza nao.

Wauza dagaa nimewataja kwa sababu kazi yao inaonekana wazi. Mwanamke anayekata minofu ya sangara katika kiwanda cha Ilemela, mama ntilie wa Mlango Mmoja, mwalimu wa Buhongwa, wote wako katika hesabu ileile. Hata yule anayeshinda nyumbani anaweza kuivunja bila kujua, kwa kumpa mtoto maji kwa sababu ya joto la Mwanza. Zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji. Mtoto mwenye kiu anyonyeshwe. Akipewa kikombe, anashiba na kuliacha titi.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote ni kungoja hedhi. Wanawake wengi hujiambia kwamba wataanza njia ya uzazi wa mpango wakishaona siku zao. Lakini yai hutangulia hedhi kwa wiki mbili hivi, na kadiri miezi inavyosogea baada ya kujifungua ndivyo inavyozidi kuwa rahisi yai la kwanza kupevuka kabla ya tone lolote la damu. Anayeshika mimba kwa yai hilo hataona siku zake hata mara moja kati ya mtoto na mtoto, naye ataapa kwa haki kabisa kwamba mwili haukumpa dalili. Kwa mama asiyenyonyesha mambo huenda kasi zaidi: yai limewahi kuonekana kupevuka siku ya 25 baada ya kujifungua, arobaini haijaisha.

Wapo watakaouliza mbona jirani alinyonyesha vilevile na siku zake zikarudi mwezi wa nne, wakati mwingine alikaa mwaka mzima. Sehemu ya jibu iko kwenye nguvu za mwili. Kutengeneza maziwa kunakula kalori kama 500 kila siku, na mwili wa mama hupima kama una akiba ya kutosha kubeba mzigo mwingine. Claudia Valeggia na Peter Ellison waliwafuatilia wanawake wa jamii ya Toba huko Argentina, wanaonyonyesha mara nyingi sana lakini wanaokula vya kutosha na kufanya kazi nyepesi. Hedhi ilirudi kwao kadiri miili ilivyoanza kuwa na nguvu za ziada, ingawa watoto waliendelea kunyonya kwa bidii. Huko Keneba, Gambia, mama wanaonyonyesha walipopewa chakula cha ziada, siku zao zilirudi mapema zaidi. Kwa hiyo mwanamke wa mjini anayekula vizuri hapaswi kujilinganisha na shangazi yake wa kijijini aliyelima juani. Na asije mtu akamwambia mama apunguze kula ili achelewe kushika mimba. Mama anayenyonyesha ale, tena ashibe. Kupanga uzazi kuna njia zake.

Nirudi kwenye miiko. Kanda hii, kama sehemu nyingi za Tanzania, watu wanaogopa kumbemenda mtoto: wazazi wakikutana mapema, au mama akishika mimba huku ananyonyesha, mtoto hudhoofika, huharisha, hachangamki. Maziwa yanasemwa kuwa yameharibika. Hayaharibiki. Shahawa haziingii kwenye maziwa, na mama mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha. Lakini siwezi kuwacheka wazee, kwa sababu walichokiona kwa macho kilikuwa kweli: mtoto aliyeachishwa ziwa ghafla kwa kuwa mwingine anakuja, akapewa uji mtupu wa mahindi, alidhoofika kweli, na wengine walikufa. Daktari Cicely Williams aliona hayohayo Ghana katika miaka ya 1930, akaandika kuhusu utapiamlo unaomshika mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Kinachomuumiza mtoto ni kuzaliwa kwa kufuatana na kukosa chakula cha maana baada ya titi. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, na Kurani katika Surat al-Baqara inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Wazee wetu walifika palepale kwa njia ya hofu.

Ubaya wa hofu hiyo leo ni mbili. Mama ambaye mtoto wake ameugua anashutumiwa na mama mkwe na mawifi kuwa hakujizuia, badala ya kusaidiwa kumpeleka mtoto hospitali. Na wapo wanaume wanaoitumia kama ruhusa ya kutoka nje ya ndoa mpaka mtoto aache ziwa, kisha wanarudi na maambukizi. Kwenye kambi za uvuvi hili si jambo la kufikirika. Mama anayepata virusi vya Ukimwi akiwa ananyonyesha ana hatari kubwa ya kumwambukiza mtoto kwa kuwa virusi huwa vingi sana mwilini katika majuma ya kwanza. Aliye kwenye dawa na anayezimeza vizuri, kwa upande wake, anashauriwa anyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi 6 kama mama mwingine yeyote.

Kitu kimoja zaidi ambacho wanandoa hawaambiwi: estrojeni ikiwa chini, uke unakuwa mkavu na hamu hupungua. Ni homoni zinazofanya kazi yake, wala mke hajaacha kumpenda mumewe. Nimeona ndoa changa zikigombana kwa jambo ambalo dakika tano za nesi zingelimaliza.

Mwili unapata faida nyingine ambazo hazihusu mimba. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 za nchi 30, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3. Saratani ya ovari nayo hupungua. Anayejua foleni ya wagonjwa wa saratani wanaopanda hospitali ya Bugando, Mwanza, kutoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa ataelewa kwa nini nalitaja.

Tufanye nini basi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na akirudi kazini anastahili hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Siku 84 haziifikii nusu ya miezi 6, lakini angalau zipo. Muanika dagaa hana mwajiri wa kumdai. Anayemdai ni jua na mvua. Kwa mtu kama huyo haki ya kunyonyesha inaletwa na kibanda chenye kivuli pale pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, mkeka, maji safi na mwanamke mmoja anayelipwa kuwaangalia watoto. Halmashauri zinakusanya ushuru kwenye mialo hiyo kila siku, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vipo kila mwalo. Kipande cha ushuru huo kikijenga kibanda Igombe, mtoto atanyonya kila baada ya saa mbili badala ya nane, na mama atapata kinga ya uzazi, mtoto atapata maziwa, dada wa miaka kumi atarudi darasani. Sijaona mradi wa bei rahisi kuliko huo.

Zahanati nayo ina pengo ambalo linaweza kuzibwa bila bajeti mpya. Ratiba ya chanjo inamleta mama kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha chanjo ya surua na rubela inamsubiri mwezi wa 9. Katikati kuna kupima uzito na matone ya vitamini A, ambayo mama mwenye shughuli huona anaweza kuyaruka. Mwezi wa 6, siku kinga ya kunyonyesha inapoisha hata kwa mama aliyetimiza kila sharti, unaangukia ndani ya pengo hilohilo. Anaporudi mwezi wa 9 anaweza kuwa na mimba ya miezi miwili.

Wiki ya 14 ndiyo siku ya mazungumzo. Nesi amuulize mama maswali ya kazi kabla ya maswali ya njia: unatoka nyumbani saa ngapi, mtoto anabaki na nani, anapewa nini, usiku ananyonya mara ngapi. Anayeshinda na mtoto na hajaona siku zake aambiwe kwamba analindwa, na tarehe ya kutimiza miezi 6 iandikwe kwa kalamu juu ya kadi. Anayewahi ufukweni alfajiri asiambiwe asubiri. Apewe siku hiyo njia isiyopunguza maziwa: vijiti, kitanzi, sindano, au vidonge vya homoni moja vinavyofaa kwa anayenyonyesha, kwa kuwa vile vya kawaida vyenye estrojeni havimfai mapema hivyo. Aondoke navyo, au navyo vikiwa mwilini, badala ya miadi ya juma lijalo ambalo huenda likawa juma la giza.